Ndiva, msaragambo na daftari: kinachokishika kijiji cha Upare

Mhariri,

Desemba ikikaribia magazeti yetu hujaa makala za vijijini. Picha huwa zilezile: migomba, ukungu mlimani, bibi anacheka, na maelezo kwamba huko watu wanaishi kwa upendo na umoja. Siyapingi. Ila msomaji wa mjini akiishia hapo atadhani umoja wa kijiji unaota wenyewe kama magugu. Naomba nafasi nieleze kazi iliyo nyuma yake, na nitatumia vijiji vya milima ya Upare, wilaya za Same na Mwanga, kwa kuwa huko kazi hiyo inaonekana kwa macho. Ukitaka kujua kijiji cha Upare kina hali gani, usianzie ofisi ya mtendaji. Anzia kwenye ndiva.

Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku. Kijito cha mlimani wakati wa kiangazi huwa chembamba, na ukikielekeza moja kwa moja shambani maji hunywewa na udongo wa mfereji kabla hayajafika mbali. Kwa hiyo jioni maji yanaelekezwa kwenye ndiva, yanajikusanya usiku kucha, na alfajiri kizibo kinafunguliwa ili yatoke kwa nguvu. Faida yote iko kwenye nguvu hiyo. Maji mengi ya muda mfupi hufika shamba la mwisho; maji kiduchu ya kutwa nzima huishia kwa jirani wa kwanza.

Tufanye hesabu. Chukua ndiva ya mita 20 kwa 20 yenye kina cha mita 1. Hiyo ni mita za ujazo 400, yaani lita 400,000. Ili ijae kwa saa 12 za usiku, mfereji lazima uingize lita 9 na ushei kila sekunde. Maji hayo yakifika shambani yote, yanalowesha ekari moja kwa kina cha sentimita 10 hivi. Hayafiki yote. Mfereji wa udongo unakunywa maji njia nzima, na mgawa maji mwenye uzoefu hapangi zamu kwa kuhesabu zaidi ya nusu. Ndiyo maana anayelalamika kwamba kapewa maji ya nusu ekari wakati ndiva imejaa pomoni huenda hajaibiwa na mtu yeyote. Kaibiwa na mfereji.

Na ndiva yenyewe inaiba. Mahali pa kwanza pa kutazama ni pembeni mwa kizibo, kiwe cha mti, cha bomba au cha geti la chuma, kwa sababu hapo udongo unakutana na kitu kisichokuwa udongo, na maji hupenda kupita kwenye mwanya wa aina hiyo. Kupima hakuhitaji mhandisi. Ndiva ikiwa imejaa nusu (ikijaa kabisa shinikizo linaongeza uvujaji, ikikaribia kukauka linapungua, nusu ndiyo inayotoa wastani), kinga yale maji yanayotoroka kwa ndoo na mtu ashike simu yenye saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 20, unapoteza lita 1 kila sekunde. Kwa saa 12 hizo ni lita 43,200, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ndiva nzima. Ni zamu ya familia, kila usiku.

Kuziba nako kuna namna yake, na hapa ndipo misaragambo mingi, yaani kazi za pamoja za kijiji, inapotupa jasho bure. Watu hutupia udongo mkavu juu ya tundu, wanaukanyaga mara mbili tatu, wanaondoka. Wiki ya pili panavuja tena. Inatakiwa uchimbe mpaka ufikie udongo mgumu, kisha urudishe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu wa kutosha kufinyangika mkononi bila kutoa maji, kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, na kila tabaka litwangwe kwa gogo zito kabla ya kuweka jingine. Saruji inayopakwa juu ya udongo uliolegea hupasuka, kwa kuwa udongo chini yake bado unashuka. Na mti juu ya ukingo ung'olewe ungali mche. Wengi wanaamini mizizi inashika udongo, na ni kweli mti ukiwa hai. Siku ukikatwa mizizi inaoza na kuacha bomba la asili kutoka ndani hadi nje.

Tope ni mwizi wa taratibu zaidi. Kwenye ndiva ile ya mita 20 kwa 20, tope la sentimita 30 linakula mita za ujazo 120 kati ya 400. Hakuna anayeliona kwa kuwa maji juu yanang'aa vilevile. Chomeka fimbo yenye alama za sentimita mahali patatu: kwenye mlango wa kuingilia, katikati, na karibu na kizibo. Tope la mlangoni ni mchanga na hutoka kirahisi kwa chepe. La karibu na kizibo ni laini na zito, linahitaji ndoo na watu wa kupokezana. Kazi hiyo hufanyika mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, ndiva ikiwa kavu. Ng'ombe nao watengewe pa kunywea pembeni, kwa birika au kidimbwi kilicho chini ya ndiva, maana wakizoea kushuka ukingoni kwato zao huubomoa msimu mmoja.

Yote haya yanataka mikono mingi siku moja. Huo ndio msaragambo, na msaragambo haushindwi kwa uvivu kama viongozi wanavyopenda kusema majukwaani. Unashindwa kwa ugawaji mbaya. Ukiwaita watu 120 ukawaambia "safisheni mfereji", 30 watafanya kazi, 60 watapiga soga wameegemea majembe, na waliobaki watakuwa njiani. Msimu unaofuata wale 30 nao hawaji, na wana haki.

Kazi ipimwe. Tuseme mfereji una urefu wa mita 1,200 na kijiji kina kaya 150 zinazotumia maji yake. Kaya 30 zina udhuru. Zinabaki 120, kila moja mita 10. Kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita 10 inatosha. Wanaopima watangulie siku moja kabla na kuchomeka vijiti vyenye namba. Lakini mita hazilingani. Karibu na banio, pale kijito kinapoelekezwa mferejini, mchanga hujaa hadi magotini kila baada ya mafuriko. Mahali pa mwamba hapana tope ila pana kuta za mawe zilizoanguka. Kwenye kona kingo huliwa. Kwa hiyo sehemu ngumu zitolewe kwenye mgawo wa kaya, zipewe vikundi vya watu 6 hadi 8, na zilizobaki zigawanywe kwa kura ya vikaratasi mbele ya watu. Tena pa kuanzia pahamishwe kila msimu. Kijiji ambacho familia zilezile hupata kila mwaka kipande cha banioni kina ugomvi unaochemka chini kwa chini, hata kama kwenye mikutano watu wanapiga makofi.

Udhuru uandikwe kabla ya siku ya kazi, si baada. Wazee wasio na kijana nyumbani, mama aliyejifungua, mgonjwa, nyumba yenye msiba: hao hawana mjadala. Mjane mwenye vijana watatu wenye nguvu hana udhuru kwa ujane wake, na kusema hivyo si ukatili. Mtoto asitumwe badala ya baba siku ya shule. Na yule aliyeko Dar es Salaam au Arusha mwenye shamba linalokunywa maji ya mfereji huohuo anadaiwa sawa na aliyepo. Atume pesa ya kibarua kwa kiwango cha siku cha pale kijijini, ifike kabla ya kazi, na jina la kibarua aliyeajiriwa liandikwe mbele ya jina lake. Pesa inayofika baada ya kazi hugeuka "mchango wa maendeleo", na ikishapewa jina hilo haina tena mtu wa kuiulizia.

Faini nayo haiwi halali kwa sababu tu mwenyekiti kaitangaza. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, ina njia yake: halmashauri ya kijiji inatayarisha pendekezo la sheria ndogo, wananchi wanalijadili kwenye mkutano mkuu, kisha linapelekwa halmashauri ya wilaya liidhinishwe. Sheria ndogo iliyoishia kwenye daftari la mwenyekiti haina meno. Mtu akigoma kulipa, baraza litamwachia, na siku hiyo msaragambo umekwisha. Ulizeni nakala yenye mhuri wa idhini. Mkiwa hapo ulizeni pia kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kwa ajili ya mfereji wenu, kwa kuwa umwagiliaji unakihitaji chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na siku mtakapogombana na kijiji cha juu au mwekezaji wa chini, karatasi hiyo ndiyo itakayosikilizwa.

Kuhusu siku ya kuwaita watu, wageni wanaoleta miradi hukosea hapa kila mara. Ijumaa mchana ni ya msikitini. Jumamosi ni Sabato, na Upareni hilo si dogo: Waadventista walianza kazi Giti mwaka 1903 na vijiji vingi vya Same vimejaa waumini wao. Jumapili asubuhi ni ya Walutheri na Wakatoliki. Ondoa siku ya gulio. Zinabaki siku 3 katika wiki, na mkutano wowote unaoitwa nje ya hizo 3 umeshachagua nani asije. La mgambo likilia kuna jambo, lakini siku hizi mgambo umehamia kwenye kundi la WhatsApp, na wenye simu za tochi, ambao ndio wenye mashamba ya mwisho wa mfereji, wanasikia habari kazi imeshakwisha. Tangazo libandikwe ubaoni siku 7 kabla, mwenyekiti wa kitongoji apite na mbiu jioni ya kuamkia siku yenyewe, na simu iwe nyongeza.

Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Wajumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inafanya kazi kwa niaba yao na inatakiwa kukaa kila mwezi. Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na viongozi waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wana kipindi cha miaka 5, ambacho kwa hesabu hiyo ni mikutano 20. Kila msomaji anaweza kujihesabia ni mingapi imeshafanyika kwao.

Ubaya zaidi ya kutokukaa ni kukaa kwa karatasi. Hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ardhi nyingi za vijiji zimepotelea hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Anayetaka ekari zake kwa hila hahitaji kuwashawishi watu 300. Anahitaji majina yao na sahihi zao tu. Watu wanaitwa kujadili chanjo ya mifugo au ujenzi wa choo cha shule, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, haina tarehe wala kichwa, ina mistari na namba tu, wanasaini. Baadaye karatasi hiyohiyo inabanwa pini nyuma ya muhtasari mwingine unaosema kwamba wananchi kwa kauli moja wameridhia kutoa ardhi. Sahihi ni za kweli. Mkutano haukuwapo. Na mahakamani mzigo unakuwa wa mwananchi kueleza kwa nini sahihi yake iko pale.

Dawa yake ni ya kalamu na rula. Juu ya kila ukurasa wa mahudhurio, si ukurasa wa kwanza peke yake, iandikwe tarehe, mahali, na agenda zote kwa maneno machache kabla mtu wa kwanza hajasaini. Kurasa ziwe za daftari lililoshonwa, zenye namba, si karatasi za kuchomoa. Jina la mwisho likishaandikwa, pigwe mstari chini yake na wenyeviti wa vitongoji wasaini kwenye mstari huo pamoja na idadi kwa tarakimu na kwa maneno. Agenda ya "mengineyo" isitumike kamwe kwa ardhi, mipaka wala fedha. Ikitokea mtu akaibua suala la ardhi kwenye mengineyo, lipokelewe na kupangiwa mkutano ujao. Muhtasari wa mkutano uliopita usomwe wote, si "kwa kifupi", na nakala ikae kwa kila mwenyekiti wa kitongoji. Mtendaji akihamishwa, na huhamishwa, daftari lisiondoke naye.

Kwenye fedha kosa ni moja na linajirudia: taarifa ya mapato na matumizi kusomwa kwa mkupuo. "Tulipata kiasi fulani, tukatumia kiasi fulani, tumebakiwa na kiasi fulani." Hakuna anayeweza kuuliza swali juu ya hapo. Taarifa inayoulizika inataja stakabadhi kutoka namba fulani hadi namba fulani, kitongoji kwa kitongoji, majina ya ambao hawajalipa, kisha matumizi kwa bidhaa: mifuko mingapi ya saruji, kwa bei gani kila mmoja, ilipokewa na nani, mingapi imebaki na iko kwenye stoo ya nani. Ikishasomwa ibandikwe ubaoni kwa mwandiko wa kusomeka bila miwani. Wanaosema wanakijiji hawapendi kuchangia waikumbuke historia ya milima hii. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka hadi Same kupinga kodi ya mbiru. Waliikataa kodi ambayo kila mtu alikadiriwa kivyake kwa kuangalia mali yake, huku wakiwa tayari kulipa kiwango kimoja kinachoeleweka. Mwenyekiti anayepanga michango chumbani, huyu 5,000 na yule 20,000, anarudia kosa la serikali ya kikoloni.

Vyama vya kufa na kuzikana sitavisemea sana, kwa sababu ndivyo vinavyokwenda vizuri kuliko vyombo vyote nilivyovitaja. Angalieni sababu zake: kiwango ni kimoja, orodha inasomwa hadharani palepale msibani, asiyetoa anajulikana, na sufuria, mabenchi na maturubai vina mtunzaji mmoja anayevihesabu vikitoka na vikirudi. Hakuna kilichobaki kwa hisani ya mtu. Tungeendesha mifereji na ofisi za vijiji kwa taratibu hizohizo, nusu ya kesi zilizoko mabaraza ya kata zisingefika huko.

Nina maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwa waandishi wenu. Mkienda kijijini, mkimaliza kupiga picha za migomba, ombeni kuonyeshwa daftari la mikutano mikuu na mtazame tarehe za mikutano minne ya mwisho. Tazameni ubao wa matangazo kama taarifa ya fedha ni ya robo mwaka hii au karatasi imekuwa ya kahawia kwa jua. Mkiwa Upare, kaeni kwenye ndiva alfajiri kizibo kinapofunguliwa na mfuate maji kwa miguu hadi shamba la mwisho. Habari iko huko chini, kama maji yamefika au hayakufika.

La pili ni kwa wenyeviti wa vijiji na kwa ndugu zetu wanaopanda milima kila mwisho wa mwaka. Wekeni mkutano mkuu wa robo hiyo kati ya Desemba 27 na 30, kwa kuzingatia Ijumaa, Sabato, Jumapili na siku ya gulio, watu wakiwa bado nyumbani. Wanaoishi mjini wasipige kura, kwa kuwa kura ni ya wakazi, lakini wasikilize, waulize na walipe wanachodaiwa. Agenda ya kwanza iwe orodha ya wenye mashamba ambao hawakufanya msaragambo wala kutuma kibarua, isomwe jina kwa jina, na kitabu cha stakabadhi kiwe mezani.

Mtendaji wa kijiji mstaafu,
Same, Kilimanjaro